Jiwe Lililonipa Kazi ya Lori

Ndugu zangu, leo mama mkwe wangu nusura anikoseshe kazi.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyefikisha lori Zambia barabara ikiwa tope tupu. Nikadhani udereva wa ushirika wetu hapa Lushoto nitapewa tu.

Wapi.

Msimamizi, Mzee Singano, anachuja madereva kama chai. Wa kwanza kakataliwa kwa kushuka mlima bila gia. Wa pili kwa kutomwamkia mama mpishi.

Ikafika zamu yangu. Mzee kakaa pembeni, tunateremka mlima kupeleka kabichi Mombo. Kaniambia sheria ni moja: kutobeba mtu njiani.

Kona ya tatu, nani ananipungia mkono? Mama mkwe, na kikapu chake kichwani.

Nimpite? Usiku wa leo ningelala wapi?

Nikasimama. Nikazima injini, nikatia jiwe mbele ya gurudumu, ndipo nikainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umesimama? Mimi nilikuwa nakusalimu tu, naenda zangu shamba."

Nikarudi kwenye usukani nimenywea.

Mzee akasema, "Umesimama bila ruhusa yangu."

Nikajua nimekwisha.

"Lakini dereva mwingine akimwona mkwe, anakimbilia salamu na lori linamfuata. Wewe umeanza na jiwe. Jumatatu uje alfajiri. Hadithi za Zambia ziache nyumbani."

Kazini nitafika. Hilo la hadithi sikumwahidi.

Enyi wenye wakwe, semeni kweli: mngempita?