Maziwa ya Emérita

Kwa miaka tisa hakuna bondia aliyemwangusha Byukusenge wa Kibabi, awe wa Masisi au wa Goma. Alikuwa mkulima wa maharage kama watu wengine wa kilima chake, ila Mungu alimpa kichwa kisichokaa mahali pamoja. Ngumi ikifika, kichwa kimekwisha kuhama. Halafu, Byukusenge akiwa na miaka thelathini na mmoja, kijana mmoja ambaye hata jina lake watu waliuliza baadaye akamzungushia ngumi ya pembeni, na Byukusenge akalala chini kama gunia la mihogo. Baada ya miezi miwili akaangushwa tena. Mara ya tatu watu walianza kumcheka kabla kengele haijalia.

Nguvu za mtu haziishi ghafla namna hiyo. Byukusenge aliligeuza jambo hilo kichwani wiki nzima, na kila alipoligeuza aliishia palepale: asubuhi ya pambano la kwanza alilopoteza, kwenye benchi la kando ya barabara, dada yake Emérita alimletea kibuyu cha maziwa.

Emérita ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Lakini kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo unapokea. Hata mtoto anayetambaa anajua hilo. Siku ile Emérita aliketi ubavuni pake, Byukusenge akitazama barabara kungoja gari la Goma. Alihisi tu kibuyu kinamgusa mkono. Akanywa. Hakuwa amemwona akionja.

Angemwuliza dada yake faraghani, tungesema ana busara. Bondia hana subira hiyo. Jumapili, watu wakitoka misani, alisimama uani kwa kanisa akapaza sauti:

"Dada yangu alinipatia karuho! Mikono yangu imekufa juu ya maziwa yake!"

Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo kila mtu Masisi anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona. Neno hilo likishatamkwa haliokotwi tena. Emérita aliishi kwa kuuza maziwa; kesho yake mtengeneza jibini akamrudishia maziwa yake, kisha majirani nao wakaacha kununua. Emérita aliuza ng'ombe wake wawili, akarudia jembe.

Byukusenge naye hakupata amani. Kwa miaka sita aliona maadui kila mahali. Pikipiki zilimtokea ghafla ubavuni kana kwamba zilitumwa. Majirani walimnyatia, akageuka na kuwakuta tayari wameshafika, wanatabasamu. Kwa nini wanatabasamu? Akawa anaketi mgongo ukutani. Nyumbani alikula tu kutoka sahani ambayo mkewe, Dorothée, ameshakula nusu yake. Alikonda, na maharage yamejaa ghalani.

Mwaka huu jirani yao Agathe alibatiza mtoto, akaandaa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Byukusenge aliketi mgongo ukutani kama kawaida. Agathe akaja, akaketi kushoto kwake, akajaza kikombe, akakiweka mkononi mwake. Byukusenge akaruka.

"Haukuonja! Na weye unataka kuniuwa?"

Kicheko cha watu kikakatika. Agathe akabaki mdomo wazi, povu la kasiksi bado liko mdomoni.

"Papa Falone, nimeonja. Hawa wote wameona," alisema, akimwita Byukusenge kwa jina la mwanawe kama ilivyo desturi.

Vichwa ishirini vikainama kukubali. Byukusenge akawatazama mmoja mmoja, akawaza: wamepatana. Ndipo Dorothée akasimama, yeye ambaye hakuwahi kumbishia mumewe mbele za watu.

"Papa Falone, angalia mbele. Usigeuze kichwa." Akainua vidole upande wa kushoto wa mumewe. "Iko ngapi?"

"Iko ngapi nini?"

Dorothée akaja, akamfunika jicho la kulia kwa kiganja chake. Uwanja wote ukazimika. Agathe, watu, mtoto aliyebatizwa, wote wakawa ukungu.

Byukusenge alisimama hapo akirudi nyuma kwa mawazo, moja baada ya nyingine: pikipiki, majirani, ngumi ya yule kijana. Zote zilitoka kushoto. Akafika kwenye benchi. Emérita alikuwa ameketi upande gani? Kushoto. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa kabla ya maziwa.

Asubuhi alimkuta dada yake akipalilia mihogo. Akapiga magoti kwenye udongo.

"Dada, ni jicho. Ulionja. Miye njo sikuona."

Emérita hakuacha kulima. "Haukunisema hapa mu shamba," alisema. "Ulinisemea kwa kanisa."

Jumapili ikafika. Byukusenge akasimama uani kwa kanisa, palepale, akasema yote: jicho, benchi, uongo alioubeba miaka sita. Alipomaliza, Emérita akaja na kibuyu kilekile cha zamani. Maziwa aliyaomba kwa Agathe, maana ng'ombe hana tena. Akamketisha ndugu yake kwenye benchi la hapo uani, naye akaketi kushoto kwake.

Byukusenge akatazama mbele. Shingo yote ilitaka kugeuka. Akasikia minong'ono, kisha uwanja mzima ukanyamaza, mama mmoja akashika pumzi. Kibuyu kikamgusa mkono. Hakugeuza kichwa. Akanywa mpaka mwisho.

"Leo sikuonja," Emérita alisema.

"Minajua, dada," Byukusenge akajibu, akifuta mdomo. "Nimesikia vile watu wamenyamaza."