Mavyaa Ananitilia Vidonge vya Tezi kwenye Uji

Admin, jina langu lifiche, maana mawifi zangu wote wanausoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na mbili, nimeolewa hapa Malindi, na mimba mbili zimeniharibikia. Daktari wa Kilifi alinieleza kuwa kinga ya mwili wangu inaishambulia tezi yangu ya shingoni. Akanipa dawa ya kila asubuhi, na akaniruhusu kidonge kimoja cha seleniamu kwa siku. Alisema madini hayo huenda yakaisaidia tezi, ila hayashiki nafasi ya dawa.

Tunaishi na mavyaa wangu, mamake mume wangu, na yeye ndiye anayenipikia uji. Baada ya muda mume wangu akaanza kulalamika kuwa kinywa changu chanuka kitunguu thaumu, na mimi thaumu siigusi. Kucha zikawa zavunjika, nywele zikatoka kwa mafungu. Nikarudi kwa daktari. Akaniuliza nameza vidonge vingapi vya seleniamu, nikamwambia ni kile kimoja tu. Akanitazama sana.

"Dalili hizi ni za mtu aliyeizidisha," akasema. "Kuna mahali pengine unaipata."

Tangu hapo nikawa nachunga jikoni. Asubuhi moja nilijifanya naenda kuoga, nikachungulia, nikamwona mavyaa akisaga vidonge vya seleniamu kama vyangu kwa mgongo wa kijiko na kuukorogea unga wake kwenye bakuli langu.

Wala hakushtuka. "Mwanangu, nilikuona hupati nafuu," akanambia. "Muuza dawa alisema hii ndiyo ya tezi. Mimi nataka mjukuu."

Nilipomuuliza mbona alinificha, alisema ningekataa.

Ningemwamini, lakini kabla ya Ramadhani nilimsikia kwa masikio yangu akimshauri mwanawe aoe mke wa pili, kwa kuwa mimi ni mgonjwa. Sasa mjukuu anayemtaka ni wa tumbo la nani?

Mume wangu ameapa kuwa mamake alikosea kwa mapenzi, na kwamba nikilitoa nje jambo hili nitakuwa nimemwaibisha yeye mwenyewe. Daktari amenisimamishia seleniamu kabisa, najipikia mwenyewe, na ile harufu imeisha.

Juzi nimepima, nina mimba. Humu nyumbani hakuna ajuaye. Mume wangu hamfichi mamake kitu. Nimwambie, au niende kwanza kwetu Mambrui? Dada zangu, nyinyi mngekuwa ndio mimi, mngemwambia nani?