Siku Beseni Liliposuguliwa

"Umemsugua kaka yako kwa sabuni," alisema Mama Tanuri. "Tena ukamsuuza mara mbili."

Beseni lilikuwa kifudifudi mezani, linang'aa kama halijawahi kufanya kazi. Wifi wa Mama Tanuri, dada wa marehemu mumewe, alikuja juzi kumsalimia akashindwa kukaa bure. Alijibu kwamba yeye alisafisha chombo, hakuosha maiti, na kwamba kile kilichogandia chini kilinuka siki.

Basi hicho kilichonuka ndicho chachu. Tangu mwaka walipooana, kila asubuhi mume alibakiza donge la unga wa jana liumue mkate wa kuuza wa leo, na tangu afe, mkewe hakuruka hata siku moja. Hamira ya dukani haikuwahi kuvuka kizingiti kile.

Marehemu alikuwa na neno lake: kuna nguvu imejaa kila mahali, haina umbo wala sauti, na hiyohiyo inayoumua unga ndiyo inayopandisha maziwa ya mzazi na kuzisukuma nyota. Mwaka wa mvua nyingi aliketi juu ya kifuniko cha beseni ili afunge viatu, akainuliwa hadi utosi ukagonga dari, ikabidi mkewe aukande unga taratibu ili amteremshe. Paka aliyelala karibu na beseni aliamka mnene, akashindwa kutoka dirishani alikoingilia. Majirani waliona, wengine wamekufa, waliobaki wanaona haya kusema.

Mkewe alimcheka miaka yote. Nguvu gani, mzee, nguvu ni hii mikono yangu. Sasa alikuwa anaomba kimoyomoyo mumewe awe amesema kweli. Maana kama nguvu hiyo ipo kila mahali, unga na maji vikiachwa wazi vitaumuka vyenyewe. Na kama zilikuwa porojo, basi mkate wake wa mwisho ulishaliwa, na aliyeumaliza ni wifi, kwa chai.

Wakakoroga unga na maji, wakaweka mezani. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Wifi akagusia habari za hamira ya dukani, akatazamwa kwa jicho lililomfanya aende kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Siku ya tatu aliporudi na ufagio wake, alisema, "Kaka alipokuwa mdogo alikuwa anafungua madirisha yote. Mama analia na vumbi, yeye anasema anaingiza."

"Anaingiza nini?"

"Hakujua. Alikuwa na miaka saba."

Miaka arobaini waliyoishi pamoja, na hili hakuambiwa. Mama Tanuri aliona wivu, wivu wa kweli, kama wa bibi harusi. Kisha akainuka akafungua madirisha, hata lile la chumbani lililofungwa tangu msiba, lililolia kama mbuzi.

Siku ya nne kulikuwa na kipovu. Wifi alidai ni pumzi ya nzi. Wakainamia beseni, vichwa vikigusana, na mbele ya macho yao kikatokea cha pili, kikapasuka.

"Wifi," alisema Mama Tanuri polepole, "mimi nilikuwa namwamini. Tangu zamani. Sikumwambia tu, maana angeringa."

Wifi alivuta pumzi ili ajibu. Mlango ukasukumwa. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa siku nne anakula viazi kwa hasira, aliingia akinusanusa.

"Mkate upo?" aliuliza.