Nyimbo Alizoziacha Venant

Getruda hakuwa na mtoto, na watu wa Igogo hawakumwacha asahau. Siku walipomzika mumewe, mwalimu wa kwaya Venant Shimba, wifi yake Mhoja alisema palepale makaburini, udongo haujakauka: "Kaka yangu kaondoka na jina lake." Hakuna aliyemkemea. Maneno yale yalimwingia Getruda, yakakaa.

Alichoacha Venant ni kompyuta kuukuu, aliyoipata mnadani ofisi moja ya ushirika ilipofungwa. Miaka hiyo ya ubinafsishaji mashirika yalikufa kama kuku wa kideri, na wenye bahati waliokota vilivyobaki. Kila jioni aliikalia akiandika nyimbo za misa kwa Kisukuma. Alipoambiwa azichape kwenye karatasi, alijibu, "Bado hazijaiva." Basi akafa, nazo zikiwa humo humo.

Getruda akaifunika kwa shuka. Katika ukoo ule vitu vya marehemu haviguswi mpaka wiki ya kuondoa tanga, na tanga lilingoja mwaka mzima, mavuno yapatikane. Kwaya walipoomba kuiwasha, aliwakatalia. Masikini, alidhani anamheshimu mumewe.

Wiki ya kuondoa tanga akaifunua, kwaya wakaiwasha. Kioo kikatoa mstari mmoja wa maandishi meupe, basi. Akaitwa Otuoma, fundi redio wa Mabatini aliyekuwa ameanza kujifunza kompyuta. Akafungua, akaonyesha diski, kisanduku cha chuma cha kujaa kiganja, akakitegea sikio.

"Nyimbo zimo humu, mama. Ndani kuna sahani inayotakiwa kuzunguka. Haizunguki. Imelala muda mrefu mno, imenata."

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiua."

Otuoma hakuwa mtu wa kubembeleza. "Ingewashwa mara kwa mara isingenata," alisema. Kisha, alipouona uso wake, akaongeza, "Inaweza kuachia ikipata joto. Lakini si la jiko wala la jua, litaiunguza. Joto la mwili wa mtu linatosha. Kaa nayo mpaka kesho, na usiiangushe."

Getruda akaitia kwenye mfuko wa nailoni isiingiwe na jasho, akaifunga tumboni kwa kitenge. Akapika nayo, akafagia nayo, akalala ubavu kwa ajili yake. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano, hajawahi kubeba mimba, anatembea uani ameshika tumbo! Mtu asiyejua angecheka. Mhoja, aliyekuja kupepeta mchele wa tanga, alimtazama sana.

"Wifi, una nini hapo?"

"Nyimbo za kaka yako. Fundi kasema zinataka joto."

Mhoja akainamia ungo wake. Akapepeta mpaka jioni.

Asubuhi Otuoma akaipokea ikiwa bado na joto la mama huyo, akaipindua ghafla kwa kifundo cha mkono kama mtu anayefungua kifuniko kigumu, akaiunga, akawasha. Ikakwaruza, ikanyamaza, halafu ikaanza kuvuma.

"Huenda haitawaka tena," alisema, akaanza kunakili nyimbo kwenye disketi bila kuinua macho. Getruda alisimama nyuma yake akisali. Ya mwisho ilipoingia, diski ikasaga, ikasimama, na haikuzunguka tena kamwe.

Siku ya tanga kwaya, iliyokwisha kuchapiwa nyimbo zile na kukesha ikijifunza, ikaziimba zote, na hata wazee waliokuja kwa ajili ya ubwabwa waliacha kula. Kisha Mzee Masalu, mkubwa wa ukoo, akauliza kama desturi inavyotaka: nani anabaki na jina la marehemu? Getruda akatazama chini, maana jibu alishalisikia makaburini.

Mhoja akasimama.

"Mwaka jana nilitamka neno mbele za watu, na leo nalirudisha mbele za watu. Jina la kaka yangu mmelisikia likiimbwa. Na aliyelibeba tumboni ni huyu wifi yangu."

Getruda akalia kwa sauti, kilio alichokizuia mwaka mzima. Kitenge kile alikuwa bado amekifunga tumboni, ingawa ndani yake hamkuwa na kitu.