Wimbo wa Kuchimba Mitaro

Juzi gari la kampeni lilipita hapa mjini Wote likipiga muziki, nikacheka peke yangu. Nikiwa msichana mdogo, mgombea mmoja alichukua wimbo ambao mama na wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, waliimba wakichimba mitaro mashambani, akatia jina lake. Nilipousikia kwenye kipaza sauti alasiri moja, nilidhani tunaitwa kazini. Nikabeba jembe mpaka sokoni, kwenye vumbi na harufu ya mandazi.

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alilichukua lile jembe akampa mgombea, aliyekuwa amesimama kando ya gari lake.

“Mheshimiwa, huu wimbo hauimbwi mikono mitupu.”

Mgombea akatufuata shambani, akachimba nasi mpaka shati likalowa jasho. Kura zake hazikutosha, lakini mtaro wake bado unashika maji ya mvua.