Goti la Bosco

Jirani wa geti nyeusi hapa Uthiru, nisamehe. Kumbe si wewe ulimpiga mbwa wetu teke.

Leo nimempeleka Bosco kwa daktari wa mifugo. Akamnyoa goti, akapaka jeli, akampima na ile mashine ya kuangalia watoto tumboni.

Kano imechanika. Nimeiona kwa skrini.

"Huyu huruka wapi sana?" daktari akauliza.

Nikakumbuka geti letu.

Kila jioni pikipiki ikisimama nje, Bosco hurukia geti. Hudhani ni kakangu Kevo ametoka kazi. Kevo yuko Qatar, mwaka wa pili sasa.

Daktari amesema asikimbilie geti tena.

Sasa niambie, jirani, nitamkatazaje, na mimi mwenyewe nikisikia pikipiki huacha ugali kwa moto nikachungulie?