Siku Saba na Kasuku wa Mzee Bakari

Gundi ya unga wa ngano, ikitiwa karafuu mbili tatu ili mende wasiiguse, hunuka kama uji wa mgonjwa. Nimeipika katika vyumba vingi vya kupanga, kwenye miji ambayo mingine nimeisahau hata majina ya mitaa yake, kwa sababu kazi inayonipa nauli ni kutengeneza sura za wanyama wa watu kwa karatasi za kuviringa. Paka wa mwenye duka. Mbwa wa bawabu. Mbuzi aliyechinjwa Idi, mtoto wa nyumba akalia siku tatu. Sufuria ikianza kutoa mvuke, siko tena hapo nilipo. Niko Mji wa Kale, Mombasa, nina miaka kumi, nimevaa sare ya shule, na nyuma yangu mwanamke aliyekufa anakohoa.

Nitawaeleza ilivyokuwa.

Tulikaa Majengo, mimi na mama. Mama alitoka Kaloleni akiwa msichana, akapata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya wasafiri kule Mwembe Tayari. Alinifunza mambo mawili kwa mkazo: niende shule, na nikiitwa na mtu mzima niitike. Si "eee", si "nini", bali "Bee!", upesi, kama ipasavyo mtoto wa kike. La pili liliniingia. La kwanza lilinishinda. Shuleni ulijibu maswali ya watu wengine, na mimi nilikuwa na yangu.

Basi asubuhi moja nilifika kwenye kona ya shule, miguu ikapita moja kwa moja. Sikuwa na mpango wowote. Nilizunguka Mwembe Tayari nikisoma majina ya miji kwenye vioo vya mabasi, nikateremka hadi Ngome ya Yesu nikajichanganya na wageni ili nisikilize hadithi za Wareno, mpaka mwongoza watalii mmoja akaniona. "We mtalii wa Majengo, enda shule!" Nikakimbilia vichochoroni. Huko ndiko nilikokutana na harufu ile, ikitoka kwenye dirisha la chini lililokuwa wazi. Nikachungulia.

"Wanizibia mwanga," ilisema sauti ya ndani. "Ingia au ondoka."

Nikaingia.

Bi Sakina alikuwa Mhindi Mwislamu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nduguze walikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili, naye alizaliwa katika chumba kile kile alichokaa. Mkononi alishika chelewa, ule uti wa jani la mnazi wa kufungia fagio, aliyoipasua ncha. Alichomeka utepe mwembamba wa karatasi kwenye ule mpasuko, akaizungusha chelewa kati ya vidole, na utepe ukawa kiduara kama jicho la samaki. Akakibana upande mmoja, kikawa tone. Akalipaka gundi kwa ncha ya pini, akaliweka mahali pake: unyoya mmoja wa jogoo. Nilikaa pale mpaka jogoo akapata shingo. Siku hiyo sikuuliza swali hata moja, nami sijui siku nyingine ya namna hiyo.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Alinipa chelewa yangu. Paka wangu wa kwanza alimtazama kwa muda, akasema, "Huyu ana mimba ya ng'ombe." Siku ya nne aliniuliza, "Shule yenu hufunga lini?"

"Karibu, Bi."

"Naona hufungwa kila asubuhi."

Kitu kimoja tu kilinitisha mle ndani. Ukuta mzima ulijaa wanyama wake, paka, njiwa, punda, sungura, na wote walikuwa wamefumba macho. "Sura nitafanya," aliniambia, "macho si kazi yangu. Nikiyafumbua nitaulizwa roho iko wapi." Ukiwatazama uliona wamelala. Ukiwapa mgongo ulihisi wanakungoja utoke.

Mzee Bakari alikuja siku moja kabla ya adhuhuri, kanzu imepigwa pasi mpaka ina kingo. Alikuwa karani wa zamani wa bandarini, mfiwa, anakaa peke yake vichochoro viwili kutoka pale. Alibeba tundu lililofunikwa leso ya kike.

"Salaam aleikum, Bi Sakina."

"Waaleikum salaam. Na huyo ndani?"

"Kasuku. Ni mzee sasa, ajing'oa manyoya. Nataka sura yake kabla hajanifia."

"Niletee picha ya simu."

"Wewe mwenyewe husema picha hudanganya rangi."

Bi Sakina akacheka. "Haya, niachie siku saba."

"Kwa sharti moja," Mzee alisema. "Msiseme mbele yake. Hata neno. Ana sauti ya marehemu mke wangu, na ndege huyu akiingiza neno jipya hutoa la zamani." Akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Huyu nikimwambia awe bubu huwa bubu."

Ndipo chini ya leso mwanamke akaita: "Wewe! Uko wapi?"

Jamani, haikuwa sauti ya ndege. Ilikuwa sauti ya mama fulani aliye chumba cha pili, imechoka kidogo, ina mkwaruzo kooni. Mzee Bakari aliitika papo hapo, kabla neno la mwisho halijatua: "Naam, nipo." Kasuku akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu aliyelala chali, akanyamaza. Uso wa Mzee ukalainika.

Baada ya Mzee kuondoka, Bi Sakina alininong'oneza mlangoni kwamba wanawake wa rika la marehemu hawakumtaja mume kwa jina, "wewe" ilitosha. Miaka sita alikuwa amezikwa na miaka sita Mzee alikuwa akiitika. Hakusafiri, hakulala ugenini, hata msibani alikaa mguu mmoja nje. Aliogopa aitwe, asiwepo.

Tukaanza kazi ya kimya. Mjuavyo, kasuku ni wa kijivu, na karatasi ya kijivu ya kupendeza ni shida kuipata. Bi Sakina aliunda kijivu chake kwa magazeti. Tuliyakata tepe nyembamba, tukaziviringa, na maandishi yote yakaingia ndani. Nje ulibaki ukingo tu, wenye rangi ya majivu. Mkia mwekundu ulitoka kwenye bahasha za kadi za harusi. Tuliongea kwa vidole na nyusi. Kila baada ya muda yule mwanamke asiyekuwepo aliita, "Wewe! Uko wapi?", akangoja, akakohoa. Saa za jua la utosi, mtaa mzima ukiwa umefunga madirisha, nilikuwa nauma mdomo nisiitike. Hamjui ugumu wake. Jaribuni kumfunza mtoto kitu kwa kofi, kisha mwambieni akiache.

Siku ya nne Bi Sakina alikwenda ndani kusali. Nilikuwa nabandika unyoya wa mkia, akili yangu yote iko kwenye ncha ya pini.

"Wewe! Uko wapi?"

"Bee!"

Lilishatoka. Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, yenye gundi. Kasuku hakukohoa. Aliteremka kutoka kwenye kijiti chake, akaja hadi penye waya, akainamisha kichwa kunitazama kwa jicho moja la manjano. Kisha akasema, kwa sauti ile ile lakini ya chini, iliyokatwakatwa na pumzi:

"Njoo unishike, Rukia."

Nilipogeuka, Bi Sakina alikuwa amesimama mlangoni, msala mkononi. Nilingoja kupigwa. Alinishika bega, akanipeleka jikoni, akafunga mlango.

"Rukia ni nani?" niliuliza.

"Binti yao. Mmoja tu. Alimpenda kijana wa vyuma chakavu, baba hakumtaka. Alipoolewa, akaambiwa asikanyage tena mlangoni. Hata mamake alipougua, baba hakumwita."

"Sasa yuko wapi?"

"Kibarani."

Mimi nilitegemea kusikia Dubai, au Ulaya. Kibarani ni hapo Makupa tu, penye jaa la zamani, ukivuka tu kisiwa.

"Tumwambie Mzee?"

"Umwambie mtu kwamba miaka sita mkewe hakuwa akimwita yeye?" Bi Sakina alitikisa kichwa. "Mke kampoteza, mwana kampoteza. Kabakiwa na sauti hiyo tu. Tumnyang'anye na hiyo?"

Siku tatu zilizosalia zilikuwa mbaya. Sikuitika tena, lakini sasa nilijua anaitwa nani. Mwanamke aliita, akangoja, na kile kikohozi cha baada ya kungoja kilinichoma zaidi ya mwito wenyewe. Usingizini sikumwota, mchana ndipo aliponiandama: nikiwa kwenye foleni ya maji Majengo, mtu akikohoa, nilitazama nyuma.

Siku ya saba kasuku wa karatasi alikamilika. Nimetengeneza wengi tangu wakati huo, sijamfikia. Kifua kilikuwa na viduara mia kadhaa, vikubwa chini, vidogo kuelekea shingoni, na mahali alipojing'oa manyoya Bi Sakina aliacha wazi, hakumdanganya mtu. Jicho lilikuwa mstari mmoja uliopinda. Mzee Bakari aliisogeza fremu yake ya kioo kwenye mwanga, akatazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema. "Lakini kalala."

"Wangu wote hulala."

Akalifunika tundu, akalinyanyua. Ndani ya leso: "Wewe! Uko wapi?" Naye: "Naam, nipo." Kikohozi. Yote kama siku zote. Bi Sakina alinitazama kwa maana ya kwamba yameisha. Mzee akavaa makubazi, akakanyaga kizingiti, na kasuku akaita mara ya pili. Nilimwona Mzee akifungua kinywa.

Mara ya kwanza ilikuwa mazoea, naapa. Mara hii siwezi kuapa.

"Bee!" nikasema.

"Njoo unishike, Rukia."

Alisimama pale kizingitini amenipa mgongo. Hakuuliza nani kasema. Alilishusha tundu taratibu, kama linaloweza kumwagika, akaketi sakafuni na kanzu yake ya pasi.

"Miaka sita, Bi Sakina," alisema mwisho, akijaribu kucheka. "Miaka sita napokea simu isiyo yangu."

"Mtoto huyu hana adabu," Bi Sakina alianza.

"Adabu anayo. Kaitwa, kaitika." Akaniangalia. "Nyanyua hiyo sura, mwana. Twende."

Tulipanda tuktuk. Yeye alipakata tundu, mimi nilipakata kasuku wa karatasi, na njia nzima nilikuwa naogopa kwamba nimemharibia ndege wake, kwamba nimeitikia jini, kwamba mama atajua siku hiyo hiyo. Haikunijia kuuliza jambo lililo wazi zaidi. Lilinijia nikiwa mtu mzima, kwenye basi la kwenda mahali nisipokumbuka. Kasuku husema alichosikia. Maneno yale yalisemwa kitandani kwa marehemu, mara nyingi, mpaka ndege akayashika, na aliyekuwa ameketi kando ya kitanda ni Mzee Bakari. Hakuna kitu alichokuwa hakijui. Ndiyo maana aliitika upesi vile, kila mara, kabla mwito haujaisha. Ndiyo maana alitukataza kusema. Sauti ya mkewe isingepotea kwa maneno yetu. Alichoogopa ni siku itakapopata jibu la mwana.

Kibarani upepo ulinuka chumvi na kutu. Nyumba ya Rukia ilikuwa ya mabati, imezungukwa na mapipa, rimu za baiskeli, na feni zisizo na mabawa. Mlango ulikuwa wazi na ndani mtu alikuwa akiosha vyombo. Mzee Bakari alisimama juani, tundu mkononi. Nilisubiri apige hodi. Badala yake alinyoosha pindo la leso juu ya tundu.

Chini ya leso mwanamke akaita, "Wewe! Uko wapi?"

"Bee!" ilijibu sauti kutoka ndani, nyepesi, ya haraka, sauti ya mtoto wa kike aliyefunzwa. Alikuwa ameshaitika kabla hajajua anaitwa na nani. Kisha sahani ikaanguka.

Rukia alitoka na povu mikononi. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka thelathini na kitu. Hakumtazama baba yake. Aliishika leso, akaitambua ni ya mamake, nilimwona akiitambua, akaiondoa. Kasuku akasogea hadi penye waya.

"Njoo unishike, Rukia."

Akapenyeza kidole. Ndege akakishika kwa mguu mmoja, na wote wawili wakabaki hivyo muda mrefu kuliko nilivyoweza kutazama. Nilihesabu rimu za baiskeli.

"Ingia ndani," Rukia alisema hatimaye, bado hamtazami baba. "Jua kali."

Mzee alivua makubazi akaingia. Ndani Rukia alisogeza feni mbovu kwa mguu, akatandika mkeka chini ya dirisha, akaweka mto. "Utalala hapa," alisema, na haikuwa ombi wala karibisho. Kisha akaipokea sura mkononi mwangu, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza mbona kalala, akatafuta msumari. Mzee Bakari aliketi mkekani na mikono magotini, kama abiria.

Nilikuwa mlangoni nikivaa viatu vyangu vya shule kasuku alipoita tena. Mzee alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akainamisha kichwa, akamwachia mwenyewe aitike.